PIKAPU MPYA, INJINI INAGONGA: NANI ALIPE?



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo linalowakosesha usingizi madereva wengi wa Kampala, nalo ni gari linaloitwa jipya lakini injini yake haina raha. Gari kuukuu likiharibika hakuna anayeshangaa. Hupelekwa Katwe au Ndeeba, spea hutafutwa Kisekka, na kazi huendelea. Lakini pikapu ambayo rangi yake bado inang'aa na viti vyake bado vina nailoni, ikianza kugonga, mwenye mali humgeukia dereva na kumwuliza, "Nilikupa gari jipya, umelifanya nini?"

Swali hilo limewatoa watu kazini. Ndiyo sababu tumeona yafaa tulieleze kwa urefu, ili kila dereva ajue la kufanya kabla mambo hayajaharibika.

KISA CHA MWENZETU

Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake na la kampuni yake hatutayataja, ni dereva wa kampuni ya kusambaza bidhaa za madukani hapa mjini. Ameshika usukani zaidi ya miaka kumi na minane. Mwezi wa Februari 2024 kampuni yake ilinunua pikapu ya dizeli kwa muuzaji wa magari. Haikuwa mpya kabisa. Ilikuwa imetumika ng'ambo muda mfupi, na saa yake ilionyesha kilomita 19,000 tu. Tajiri aliifurahia sana. Alimkabidhi mwenzetu ufunguo mbele ya wafanyakazi wote, akasema pikapu ile ni mboni ya jicho lake.

Kazi yake ilikuwa ya safari fupi fupi. Asubuhi alipakia Industrial Area, akashusha Kikuubo, akarudi. Akapakia tena, akaenda Wandegeya na Kalerwe, akarudi. Jioni Ntinda. Nyote mnaijua foleni ya Jinja Road na ile ya Clock Tower. Gari huwa limewashwa kutwa nzima, lakini ukitazama saa jioni umetembea kilomita arobaini tu.

Mwezi wa tatu taa ya manjano ya injini ikawaka. Mwenzetu akaenda kwa msimamizi wa magari.

"Mzee, taa ya injini imewaka."

"Gari linatembea halitembei?"

"Linatembea, Mzee, lakini taa..."

"Basi litembeze. Wateja wanangoja. Gari jipya halipelekwi gereji."

Hapo mwenzetu akafanya jambo moja la busara, ambalo ndilo lililomwokoa. Alichukua daftari la shule la mtoto wake lililobaki na kurasa tupu, akaandika tarehe, kilomita, na maneno haya: taa ya injini imewaka, nimemwambia msimamizi, ameniambia niendelee. Tangu siku hiyo kila taa ilipowaka aliandika. Kila asubuhi kabla ya kuwasha alipima oili, akaandika.

Mwezi wa Mei aliona jambo la ajabu. Oili haikupungua, bali iliongezeka. Kwenye kijiti cha kupimia ilikuwa imepita alama ya juu. Alidhani labda mtu ameongeza usiku. Akamwuliza askari wa lango, akaambiwa hakuna aliyegusa gari. Alipoinusa ilinuka dizeli. Hilo nalo aliliandika, akamwarifu msimamizi, na jibu likawa lile lile.

Mwezi wa Julai alitumwa Mukono. Alipokuwa akipanda kilima akiwa na mzigo alisikia injini inagonga, na taa nyekundu ya oili ikawaka. Akasimama kando ya barabara, akazima. Alipopiga simu, msimamizi alimwamuru aiendeshe polepole mpaka Kampala. Mwenzetu akajibu kwa adabu lakini bila kuyumba, "Mzee, nikiiwasha tena itakufa kabisa. Siiwashi." Pikapu ikavutwa kwa kamba. Saa yake ilionyesha kilomita 24,300.

Siku mbili baadaye alipewa barua. Amesimamishwa kazi bila mshahara, na akirudishwa atakatwa theluthi moja ya mshahara kila mwezi mpaka gharama ya injini itimie. Tulipopiga hesabu tuliona angelipa kwa zaidi ya miaka minne. Wakati huo muhula wa shule ulikuwa umekaribia, na ana watoto watatu wanaosoma.

KOSA LETU SISI WENYEWE

Hatuna budi kusema ukweli juu yetu pia. Tulipopata habari tulikwenda kwenye ofisi ile tukiwa na hasira. Tulisema maneno makali juu ya unyonyaji, na mengine yalikuwa ya kweli. Mwajiri alitusikiliza, kisha akatuuliza swali moja: "Nyinyi mnajua injini hii imekufa kwa sababu gani?"

Tukanyamaza. Hatukujua. Tulikuwa tumekuja kumtetea dereva juu ya injini bila kuuliza habari za injini. Tuliomba siku saba, tukatoka. Tangu siku ile tumejifunza kwamba katika kesi ya gari, fundi anapaswa kuwepo kabla ya maneno makali.

FUNDI ALITUFUNDISHA

Tulikwenda kwa fundi mmoja mzee wa Katwe ambaye amefungua injini nyingi kuliko tulizowahi kuziona. Alidondosha tone la oili ile juu ya karatasi nyeupe. Tone lilitanuka, likaacha duara la mafuta mepesi pembeni. Akasema, "Hii si oili tena. Ni oili na dizeli." Kisha akatueleza, nasi tunayaandika hapa kama tulivyoyaelewa.

Pikapu nyingi za dizeli za siku hizi, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi zenye sheria kali za moshi, zina kichujio cha masizi kwenye bomba la ekzosi. Kichujio hicho hunasa masizi yasiende hewani. Kikijaa lazima kijisafishe, na hujisafisha kwa moto. Injini hunyunyiza dizeli ya ziada ili joto la ekzosi lipande na kuyaunguza masizi. Kazi hiyo huhitaji gari liende bila kusimama kwa muda wa robo saa au zaidi, kwa mwendo wa barabara kuu.

Sasa fikirini gari la foleni. Kichujio kinaanza kujisafisha, dereva anafika Kikuubo, anazima. Kinaanza tena, anafika Wandegeya, anazima. Kila mara ile dizeli ya ziada haiungui yote. Nyingine huteremka kando ya pistoni mpaka kwenye oili. Ndiyo maana oili inaongezeka. Lakini oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi kama maji, haiwezi kutenganisha chuma na chuma. Beringi za krenki husagika, injini huanza kugonga, na mwisho hufa.

Fundi aliongeza mambo mawili. La kwanza ni mafuta yenyewe. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Hiyo ni hatua kubwa, kwa maana zamani salfa ilikuwa nyingi mno. Lakini Ulaya kiwango ni sehemu 10, na magari mengi yenye kichujio hutengenezwa kwa dizeli ya namna hiyo. Jambo la pili ni oili. Magari haya yanataka oili maalumu yenye majivu kidogo. Ukitia oili yoyote ya pipa kwa sababu ni rahisi, unakiziba kichujio mapema.

Tukamwuliza fundi, "Basi kosa ni la dereva?" Akacheka. "Dereva ndiye aliyechagua gari? Ndiye aliyechagua njia? Ndiye aliyenunua oili? Yeye aliona taa akasema. Anayeona moshi akapiga kelele siye aliyeichoma nyumba."

HATA KIWANDANI HUKOSEWA

Waajiri wengi huamini kwamba gari likitoka kiwandani karibuni haliwezi kuwa na ila. Imani hiyo si ya kweli, na ushahidi uko wazi kwa ulimwengu mzima.

Mwezi wa Mei 2024 Toyota ilitangaza huko Marekani kuyarudisha magari yapatayo 102,000, yakiwemo pikapu aina ya Tundra za miaka 2022 na 2023. Sababu ilikuwa kwamba vipande vya chuma vilivyobaki wakati wa kuchonga injini huenda havikuondolewa vyote kiwandani, na vingeweza kuifanya injini igonge au izimike ghafla barabarani. Mwezi wa Aprili 2025 kampuni ya General Motors nayo ikayarudisha magari yapatayo 600,000 huko huko Marekani, pikapu za Silverado na Sierra zikiwemo, kwa ajili ya kasoro za krenki na mikono ya pistoni katika injini yake ya lita 6.2. Hayo yalikuwa magari ya miaka 2021 hadi 2024.

Na juu ya kichujio cha masizi, kesi iliyovuma zaidi ni ya Australia. Magari zaidi ya 264,000 ya dizeli aina ya Hilux, Prado na Fortuner, yaliyouzwa tangu Oktoba 2015 hadi Aprili 2020, yalikuwa na mfumo wa kichujio usiofanya kazi ipasavyo. Wenye magari walilalamika juu ya moshi mweupe, harufu mbaya na kula mafuta kupita kiasi. Walijiunga pamoja wakashitaki, na mwaka 2022 mahakama ikaamua kwamba magari yale hayakuwa na ubora unaokubalika. Mabishano juu ya kiasi cha fidia yaliendelea mpaka Mahakama Kuu ya nchi ile mwaka 2024.

Hatusemi hayo ili kuzichafua kampuni hizo. Zenyewe ni miongoni mwa kubwa duniani, na katika visa viwili vya kwanza zilijitangazia kosa. Twasema hivi: ikiwa viwanda vikubwa namna hiyo hukosea, kwa nini dereva wa Kampala awe mtuhumiwa wa kwanza kila mara injini inapogonga?

Tena tukumbuke kwamba hapa kwetu magari mengi huja yakiwa yametumika. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, na Shirika la Viwango la Uganda hutaka gari likaguliwe kabla halijapakiwa melini. Hayo ni mambo mema. Lakini ukaguzi hauifungui injini na kuitazama ndani. Karatasi ya ukaguzi si ahadi kwamba injini ni nzima.

SHERIA YASEMAJE

Tulirudi ofisini siku ya saba, safari hii tukiwa na fundi, daftari na vitabu vya sheria. Tuliweka mezani mambo manne.

Kwanza, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haimruhusu mwajiri kumfukuza mtu kwa kosa bila kumweleza kosa hilo kwa lugha anayoielewa, na bila kumpa nafasi ya kujitetea akiwa na mtu wa kumsindikiza anayemchagua mwenyewe. Mwenzetu alipewa barua tu.

Pili, mshahara si mfuko wa mwajiri ambao hutia mkono apendavyo. Sheria hiyo hiyo inaweka masharti ya makato, na mwenye malalamiko ana haki ya kwenda kwa Afisa wa Kazi.

Tatu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ahakikishe vyombo vya kazi ni salama, na inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari. Kukataa kuiwasha pikapu ile kule Mukono hakukuwa ukaidi. Injini ikikwama ghafla mbele ya lori, damu ya nani ingemwagika?

Nne, na hili ndilo lililomgusa mwajiri, iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Muuzaji akiuza kitu kwa biashara, kitu hicho lazima kiwe na ubora na kifae kwa kazi iliyokusudiwa. Muuzaji aliambiwa kwamba pikapu ni ya kusambaza bidhaa mjini. Hakusema neno juu ya kichujio wala safari fupi. Kwa hiyo mwenye deni ni yeye kwanza. Lakini mnunuzi akikaa kimya, akalitumia gari miezi na miezi huku taa inawaka, madai yake hudhoofika kila siku inayopita. Kwa kumlaumu dereva, mwajiri alikuwa anapoteza haki yake mwenyewe juu ya muuzaji.

Mwajiri alilifungua daftari. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, kimya. Mara kumi na moja taa imewaka, mara kumi na moja msimamizi ameambiwa. Alimwita msimamizi akamwuliza kama ni kweli. Msimamizi akasema ni kweli, ila na yeye alikuwa akiulizwa kila jioni kwa nini mzigo haujaisha. Basi tukaona kwamba lawama ilikuwa ikiteremka ngazi kwa ngazi kutoka juu, mpaka ikamkuta mtu wa mwisho ambaye hakuwa na wa kumteremshia.

Makato yalifutwa. Mwenzetu alirudi kazini baada ya wiki sita. Mwajiri alitumia daftari lile lile kumdai muuzaji, na baada ya barua ya wakili muuzaji alikubali kulipa nusu ya gharama ya injini. Katika zile wiki sita mwenzetu amelipwa wiki nne. Mbili hazijalipwa mpaka leo, nasi hatujaacha kuzidai.

ASIYEKUWA NA DAFTARI

Msidhani kila kesi huisha hivyo. Mwaka 2021 tulimtetea dereva mwingine katika jambo linalofanana na hili. Yeye pia aliona taa, yeye pia alisema. Lakini alisema kwa mdomo tu. Ilipofika siku ya kusikilizwa, msimamizi alikana kila kitu. Lilikuwa neno la mtu mmoja na neno la mwingine, na mwenye cheo ndiye aliyeaminiwa. Kesi ile hatukushinda. Dereva yule sasa ni mwendesha bodaboda, na kila tukionana naye tunaona haya, kwa sababu hatukuwahi kumfundisha kuandika kabla ya siku ya shida.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa hiyo tunawaomba madereva wote wafuate haya:

1. Siku unapokabidhiwa gari, andika kilomita zake, hali ya taa zote, na kiasi cha oili. Mwombe anayekukabidhi atie sahihi.

2. Uliza kama gari lina kichujio cha masizi. Kama kinacho, sema wazi kazi yako ni ya safari za namna gani.

3. Pima oili kila asubuhi injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali pa tambarare. Ikipungua ni shida. Ikiongezeka bila kuongezwa ni shida kubwa zaidi.

4. Taa ikiwaka, andika tarehe, saa, kilomita, na jina la uliyemwambia. Ukiweza, peleka ujumbe wa simu ili ubaki kama ushahidi.

5. Taa ya kichujio ikiwaka na msimamizi akiruhusu, lipeleke gari kwenye barabara isiyo na foleni, kama Northern Bypass alfajiri, uende kwa mwendo wa kisheria bila kuzima mpaka taa izimike. Isipozimika, ni kazi ya fundi.

6. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, simama mahali salama, uzime. Usikubali kuamriwa kwa simu.

7. Usitie sahihi kwenye karatasi yoyote inayosema umekubali kulipa kabla hujaonana na chama.

Asiyejua kuandika vizuri asione haya. Amwombe taniboi wake, au mtoto wake, au aje ofisini kwetu. Sisi wenyewe hatukusoma sana, lakini tarehe na kilomita zatosha.

NENO KWA WAAJIRI

Tunajua gazeti hili huwafikia pia waajiri wengine. Kwao twasema: dereva anayelalamika si adui wa gari lenu. Yeye hulijua gari kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndiye anayesikia mlio wake kutwa. Msikilizeni taa inapowaka mara ya kwanza, wakati dawa yake ni oili na chujio. Mkingoja mara ya kumi na moja, dawa ni injini nzima.

Chama cha Madereva kilikuwa miongoni mwa vyama vya kwanza vya wafanyakazi katika nchi hii, mwishoni mwa miaka ya 1930. Wazee wale waliendesha magari kwenye barabara za vumbi. Barabara sasa ni za lami na injini zina kompyuta, lakini hasara hutafuta bega la dereva.

Kila dereva awe na daftari. Likijaa, alete ofisini tumpe jingine.

UMOJA NI NGUVU!